Maji ya Mwarobaini

Teresia alikuwa na namna yake ya kutibu kidonda, na Rudewa nzima iliijua. Alichemsha majani ya mwarobaini, akayamimina maji yake kwenye beseni, mgonjwa akatumbukiza mguu. Kipimo cha moto kilikuwa mgonjwa mwenyewe. Akilalamika, maji baridi yaliongezwa. Akinyamaza, basi kidonda kimeanza kupona. Baada ya hapo ulifuata utomvu wa mshubiri, asali na kitambaa safi. Watu walimjia hata kutoka Mvumi na Lumuma, wakaondoka wakimsifu, na Teresia hakuwa mtu wa kukataa sifa.

Wiki ya tatu sasa alikuwa akimtibu mdogo wake, Petro, mwenye sukari ya miaka minane na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu. Zahanati walikwisha kumwandikia barua ya kwenda hospitali Kilosa. Petro aliikunja akaisukuma chini ya godoro. Huko watamkata, alisema, na mkulima wa mguu mmoja atalimiwa na nani?

Asubuhi hiyo alikaa kwenye kigoda barazani kwa dada yake, mguu ndani ya beseni, akisimulia ng'ombe walivyoingia shambani kwake. Wagonjwa wawili walikuwa kwenye benchi wakingoja zamu.

"Ongeza moto, dada. Haya yamepoa."

Teresia akaleta sufuria kutoka jikoni, akamimina. Jani moja lilinasa ukingoni mwa beseni. Alipolisukuma ndani, vidole vyake vikazama kwenye maji.

Aliuchomoa mkono, akaubana kwapani. Maji yalikuwa yanaunguza vibaya sana. Petro alikuwa bado anasimulia, amefika mahali ng'ombe wanamaliza mahindi, tena anacheka.

"Toa mguu."

"Bado kidogo, dada."

"Toa mguu, Petro!"

Hakumngoja, akaunyanyua mwenyewe. Ngozi ilikuwa imeumuka malengelenge, mengine mapya, mengine ya jana na juzi yaliyokwisha kupasuka. Kila siku alikuwa akiyaona, na kila siku alijiambia ni uchafu unatoka. Kidole gumba kilikuwa cheusi hadi kwenye shina. Teresia aliogopa, akaogopa kweli. Mguu ulikuwa umekufa ganzi, na yeye, mjuzi wa vidonda, akaiita ganzi ile kupona.

Wakati huohuo bajaji ikasimama uani. Akashuka Editha, binti wa Petro anayefanya biashara Mikumi, aliyekuja kumchukua baba yake, kwa nguvu ikibidi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, twende Kilosa. Leo sibembelezi."

"Siendi," Petro alisema. "Tangu dada anishike, mguu hauniumi hata chembe. Muulize mwenyewe. Yeye akisema niende, nitakwenda. Akisema nibaki, hata mlete polisi sitoki hapa."

Wote wakamgeukia Teresia, hata wale wa kwenye benchi. Angeweza kusema nenda ukaangaliwe tu, kisha urudi tuendelee. Jina lake lingebaki zima. Lakini alimjua mdogo wake: ukimpa neno nusu, huchukua ule upande unaompendeza.

"Nenda," alisema.

"Kwani dawa si inafanya kazi?"

"Haifanyi. Hauumi kwa sababu hausikii. Maji haya nimeyagusa tu yameniunguza, wewe umekaa nayo unacheka. Huu mguu nimeuunguza mimi, Petro. Siku zote hizi, kwa mikono yangu."

Mama mmoja akainuka kwenye benchi, akajifunga khanga vizuri, akaondoka bila kuaga. Teresia alimwona na hakumwita.

Petro aliinama, akatumbukiza vidole vyake kwenye beseni, akapiga yowe. Kisha akautazama mguu wake.

"Nishikeni," alisema mwishowe. "Nisikanyage."

Wakamshika, huku Editha, huku Teresia, wakamwingiza kwenye bajaji. Alipokwisha kukaa, Petro akaushika mkono wa dada yake.

"Watauliza nani kaniunguza. Nitasema ni uji ulinimwagikia."

"Hutasema hivyo. Wanatakiwa wajue ni maji gani, na ni siku ngapi."

"Sasa nani atawaambia? Mimi siwezi kukutaja, dada."

Teresia akamsogeza kidogo, akapanda, akakaa kando yake.

"Nitawaambia mimi," alisema. "Dereva, twende."