Gavana wa Mashine ya Lodio

Siku ya sita, namba zilipokaribia milioni tano, Jecinta alianza kuichukia mia nane.

Mia nane ndiyo ilikuwa imeandikwa juu kwenye kona ya kioo cha laptop, asubuhi mia nane, jioni mia nane. Alikuwa akifagia duka la kompyuta la Mzee Dualeh, akipangusa vumbi ambalo kesho yake lingerudi palepale, na kila akipita mbele ya meza ya nyuma jicho lilikwenda lenyewe. Kithinji, fundi wa duka, alikuwa amemweleza kwamba huo ndio mwendo wa prosesa, yaani kile kipande kinachofikiri. Mashine ile ilizaliwa na uwezo wa kufika elfu mbili na mia nne. Sasa ilikuwa imekwama kwenye mia nane kama punda aliyekataa kupanda kilima.

Laptop yenyewe ilikuwa ya marehemu kaka yake, Lodio. Lodio aliuawa Kipsing miaka miwili iliyopita, watu walipogombania kisima, na kilichorudi Isiolo mjini ni viatu vyake, kitambulisho na hiyo laptop aliyokuwa ameinunua kuukuu akiwa bado chuo cha ufundi. Ndani yake kulikuwa na wimbo. Kwao Waturkana, mwanamume huwa na dume lake la ng'ombe la kuimbia, analipinda pembe likiwa bado dogo, na wimbo wake ni wake peke yake. Dume la Lodio lilikuwa na madoa ya twiga. Alikuwa amejirekodi akiliimbia, mwanzo mpaka mwisho, akampigia mama yao simu kumwambia kwamba akifika nyumbani atamsikizisha. Hakufika. Na hakuna mtu mwingine aliyeujua wimbo ule.

Mama yao, Akolong, alikuwa amelala huko mtaa wa Kiwanjani, ini limeisha. Hospitali walimrudisha nyumbani kwa maneno ya upole, na maneno ya upole ya hospitali kila mtu anayajua maana yake. Hakuomba dawa. Hakuomba padre. Aliomba wimbo.

Lakini Lodio alikuwa mtu wa kufunga vitu, tangu utotoni, hata sanduku la penseli alilifunga kwa kamba. Wimbo alikuwa ameufungia kwa namba ya tarakimu saba, na nusu ya ufunguo ilikaa kwenye kidude kidogo kilichogandishwa ndani ya mashine yenyewe. Kithinji alisema ukiing'oa diski ukaipeleka kwenye kompyuta nyingine, umebeba mlango ukaacha nyumba. Njia ilikuwa moja: kuiachia mashine ijaribu namba zote, moja baada ya nyingine, kuanzia sufuri saba, mpaka mojawapo ikubali. Kwa mwendo wake kamili, siku nne. Kwa mia nane, siku kumi na mbili.

Jecinta aliishia darasa la nane. Baada ya hapo alichunga mbuzi wa watu, akauza makaa, mwishowe akapata kufagia duka la Mzee Dualeh, na mengi aliyoyajua kuhusu kompyuta aliyapata akiwa ameshika ufagio. Hakuuliza sana. Alitazama. Kithinji akikaa kwenye kiti, yeye anapata vumbi la kupangusa karibu na bega lake, na vidole vya Kithinji alivijua kama mtu anavyojua mwendo wa mbuzi wake.

Siku ile ya sita, Alhamisi, aliuliza. Kwa nini haikimbii?

Kithinji akavuta kiti. Alimweleza kwamba chini kabisa ya mfumo, kwenye kiini kinachoitwa kerneli, kuna programu mbili zinazosaidiana. Moja ni gavana. Gavana anatazama kazi iliyopo na anaamua mashine iende kwa mwendo gani. Ya pili ni dereva. Dereva anapokea amri na ndiye anayekanyaga mafuta. Sasa hapa gavana alitaka kukimbia, dereva pia alikuwa tayari, ila chaja haikuwa ya mashine ile. Ya asili ilipotea Kipsing, hii ilitoka kwenye kibanda hapa sokoni. Mashine iliiuliza chaja jina lake, chaja haikujibu, kwa hiyo mashine ikaweka mpaka: mgeni huyu simwamini, twende mia nane. Betri nayo ilikuwa imekufa kitambo, haishiki hata dakika. Kithinji alikuwa ameagiza chaja ya asili kutoka Nairobi. Ingefika na basi Jumatatu.

Mzee Dualeh alisikia neno gavana akiwa mlangoni na kikombe chake cha chai ya maziwa ya ngamia, akacheka mpaka chai ikamwagika. Yeye aliendesha lori miaka kumi na tisa, Isiolo mpaka Moyale, kabla lami haijamaliza kupita.

"Gavana na dereva, hao nawajua," alisema. "Lori yangu waliifunga gavana ya kasi, nikaing'oa nilipofika Archer's kwa plaisi. Waya mbili tu. Kesho yake nilitoka Marsabit nikanywa chai ya saa kumi Isiolo. Kithinji, wewe fundi gani? Toa gavana."

Kithinji alitabasamu tu. Akasema hata dereva wa mashine hii ana amri ya kupuuza mpaka. Ili amwonyeshe mzee kwamba hasemi uongo, aliandika mstari mmoja, neno la kupuuza, na namba moja mwishoni. Papo hapo ile mia nane ikaruka ikawa elfu mbili na mia nne, na namba zikaanza kumwagika kama mtama kwenye gunia lililopasuka. Jecinta alishika ufagio kwa mikono yote miwili. Kithinji aliacha ikimbie kama dakika tatu, akainama, akapeleka mkono chini ya meza, akaguna. Kisha akaandika mstari uleule, mwisho wake sufuri. Mia nane ikarudi.

"Tungoje chaja," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo, kwa sababu simu yake ililia. Mjomba wake, M'Ikiara, alikuwa amefariki Meru. Aliondoka jioni ile ile, akasema atarudi Jumatatu na kwamba mashine wasiizime.

Jecinta aliuona ule mkono ukienda chini ya meza. Alidhani fundi anahakikisha waya umeingia sawasawa.

Nyumbani, mama aliuliza kama wimbo umefunguka. Jecinta alikuwa amechoka, na kwa Kiturkana hakuwa na maneno ya prosesa wala kerneli. Akasema kwa ufupi kwamba gavana ndiye aliyezuia.

Akolong alifungua macho. Halafu, mtu ambaye siku tatu hajainua kichwa, akaegemea kiwiko, akakaa.

"Mimi nilimpigia kura," alisema. "Nilisimama kwenye foleni tangu alfajiri, na huyu Nakolong shahidi. Nilimkosea nini?"

Nakolong, jirani aliyekuwa akimlinda mchana, alithibitisha: walisimama wote wawili, na jua likawachoma wote wawili. Jecinta alifungua mdomo amweleze kwamba si gavana yule wa kaunti, mwenye picha kwenye kila ukuta, ni mwingine, ni jina tu. Lakini alimwona mama yake ameketi. Aliona macho yamepata hasira, na hasira ni uhai. Akafunga mdomo.

Kwa hiyo mama akaanza kumpanga. Aende ofisini kwa gavana, asiingie na viatu vyenye vumbi. Asimlilie, viongozi wamezoea kuliliwa. Amwambie kuna mwanamke Kiwanjani hataki chakula cha msaada wala mabati, anataka mtoto wake afunguliwe aimbe mara moja tu. Amwambie naye ana mama.

"Utayakumbuka maneno yangu?"

"Nitayakumbuka, mama."

Asubuhi ya Ijumaa mama hakuweza kuketi tena. Alikunywa maji vijiko viwili akatapika. Nakolong alimfuata Jecinta mpaka nje, akamshika mkono, akamwambia asihesabu siku tena, ahesabu saa. Kutoka ndani sauti ya mama iliwafuata, nyembamba, ikimwambia Jecinta ajaribu kuwahi, gavana akienda safari hapatikani.

Namba zilikuwa milioni tano na nusu. Alipiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la kaunta. Kwa mia nane, siku tano na zaidi. Kwa mwendo kamili, hata siku mbili hazifiki.

Saa sita na nusu Mzee Dualeh alivaa kofia yake akaenda msikitini, akavuta mlango nusu kama alivyofanya kila Ijumaa, akamwachia Jecinta duka. Nje upepo ulikuwa ukisukuma karatasi za nailoni barabarani. Jecinta aliegemeza ufagio ukutani. Alikaa kwenye kiti cha Kithinji, na ilikuwa mara yake ya kwanza kukikalia. Hakuharakisha. Aliandika herufi moja, anaitazama, anaandika nyingine, mpaka mstari mzima ukawa kama ule aliouona. Mwishoni akaweka moja.

Elfu mbili na mia nne.

Feni ya mashine ilianza kulia. Namba zilimwagika. Jecinta alicheka peke yake, kicheko kidogo cha mtu aliyeokota kitu njiani. Hakuwa mjinga, alijua joto ni adui. Kithinji alikuwa amemwonyesha ile namba ya joto, na kumwambia ikifika mia mashine hujizima yenyewe isiungue. Ilikuwa sabini na tisa. Ikawa themanini na sita. Akachukua kifuniko cha boksi akaanza kuipepea. Akalowesha kitambaa akakitandika mezani pembeni ya mashine. Themanini na nne. Akaona amelishinda. Alipepea mkono wa kulia ukachoka, akabadilisha wa kushoto, na macho hayakubanduka kwenye ile namba ya joto, na kila laki moja iliyopita alimwambia mama yake kimoyomoyo, bado kidogo.

Harufu ilipoanza alidhani ni watu wanachoma takataka nyuma ya soko.

Chaja ilikuwa chini ya meza, juu ya kipande cha zulia, mahali ambapo Kithinji alikuwa amepeleka mkono. Haikuwa na namba ya joto. Ilibeba mzigo ambao haikuumbwa kuubeba, ikabeba kwa saa nzima, halafu ikalia mara moja, ta, kama punje ya mahindi kwenye moto. Kioo kikawa cheusi. Ndani yake Jecinta alijiona, na kifuniko cha boksi bado mkononi.

Mzee Dualeh aliporudi aliijua harufu kabla hajavua viatu. Aliinama, akaitazama chaja iliyoyeyuka ikashikana na zulia, akazima umeme ukutani. Jecinta alisimama akingoja kufokewa. Mzee alikaa kwenye ngazi ya mlango, akampa mgongo.

"Ile lori," alisema, "sikuwaambia ilivyoishia. Nilipong'oa gavana, sikuirudisha. Ukapita mwezi, ikapinduka. Wario alikuwa kando yangu."

Jecinta hakuuliza Wario ni nani. Miaka yote aliyofagia pale, hakuwahi kulisikia jina hilo.

Jumatatu Kithinji alishuka kwenye gari ya Meru na boksi la chaja kwapani. Alilipitia steji lilikofikia. Aliichomeka. Hakuna taa. Akaifungua mashine, akainusa, akapima hapa na pale kwa sindano zake mbili, akafika kwenye kile kidude kidogo chenye nusu ya ufunguo, akakaa hapo muda mrefu. Chaja ilipokufa ilikuwa imekirushia umeme mwingi, kikapasuka katikati. Aliuliza nani aliandika ule mstari. Jecinta alisema ni yeye. Kithinji akaanza kusema, ungengoja, halafu akatandaza gazeti, akazipanga skrubu moja moja juu yake, ingawa hapakuwa na haja ya kuzipanga.

Jecinta alirudi nyumbani kwa miguu. Mama alikuwa macho, amengoja tangu Ijumaa, maana alijua ofisi hufungwa wikendi. Nakolong alikuwa amemgeuza akatazama mlango, ili amwone anayeingia.

"Amesemaje?"

Jecinta alikuwa amebeba uongo wa aina tatu njia nzima, akichagua. Alipofika pale aina zote tatu zikampotea.

"Gavana hayuko tena, mama. Nilimtoa."

Akolong alimtazama. "Ulimtoa wewe?"

"Mimi."

"Kura haijafika."

"Haijafika. Nilimtoa tu."

Mama alifikiri, na ilichukua muda, maana hata kufikiri kulikuwa kunamchosha. "Alikuwa mbaya?"

"Hapana. Alikuwa akienda pole pole. Kumbe kulikuwa na sababu."

"Sasa nani atamfungulia Lodio?"

Jecinta alikaa chini kwenye udongo. Alikishika kiganja cha mama, kilikuwa chepesi na moto. Akasema hakuna mtu.

Mama hakulia. Alikigeuza kiganja, akamshika yeye, kama ni Jecinta aliyekuwa mgonjwa. Baadaye alimwomba amwambie dume la Lodio lilikuwa na madoa ya namna gani, na Jecinta akamwambia, ya twiga, na pembe moja imepinda mbele. Akamuuliza tena kesho yake, na kesho kutwa, na Jecinta akamwambia.

Mama aliishi mpaka Jumapili. Jecinta alikuwa amepiga hesabu, hakuweza kuacha kuipiga: kwa mia nane, namba zote zingekuwa zimekwisha Jumatano.