Kigugumizi cha Bawabu

Kazi yangu ni kusoma studio riwaya za mazimwi na wafalme, zirekodiwe kwa wanaopenda kusikiliza. Katika kitabu kimoja, bawabu wa ngome, mwenye maneno machache tu, nilimpa kigugumizi cha baba mdogo, mpuuzi mimi, ili fundi mitambo acheke. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Leo baba mdogo amekisikiliza kitabu chote sebuleni kwetu. Nilikaa roho juu, nikingoja aniwashie moto.

“Katika wote hao, nampenda ba-ba-ba...”

“Bawabu,” nikamalizia, kama tunavyomfanyia nyumbani siku zote.

Akatabasamu. “Ndiye. Adui yuko langoni, na bado m-m-mfalme mzima anamsubiri amalize mwenyewe.”