Sita Waliofundishwa Gogo

Glutamati ni mjumbe wa ubongo: hupeleka habari kutoka seli hadi seli, na akishazifikisha hapaswi kukaa. Akikawia hugeuka sumu. Dawa ya dada yangu mkubwa, isiyo na jina bado ila namba, ilikusudiwa kuwahimiza wapagazi wanaomwondoa. Mimi, mtakwimu wa maabara hiyo hiyo, niliiamini kadiri ninavyoamini utabiri wa mvua.

Panya kumi na wawili wenye maradhi ya neva waligawanywa: sita dawa, sita maji ya chumvi. Nani kapewa nini nilijua mimi peke yangu. Baada ya wiki sita walipandishwa mara moja tu, bila mazoezi, kwenye gogo linalozunguka, tukahesabu sekunde hadi waanguke.

"Sema basi, mdogo wangu."

"Makundi yamelingana."

Ijumaa kamati ya maabara ingeufunga utafiti wa dada wa miaka minane. Akaanza kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Mtunza panya, ambaye sote humwita Babu, alikohoa mlangoni. "Lakini hata wale wazembe wamejitahidi, eti?"

"Wazembe gani?"

"Walioshindwa kupanda ngazi ya kizimba. Kila asubuhi, kabla hamjafika, nawazoeza gogo. Waaibike mbele ya wenzao? Hata panya ana haya, jamani!"

"Babu, umenimaliza," dada akasema, akaketi sakafuni.

"Nimekosea, mwanangu?"

Kosa lake, kwa bahati, alikuwa ameliandika kwa mwandiko safi katika daftari la chakula, jina na namba ya kila aliyemzoeza: Mlegevu, Bibi Harusi, Sikio Moja, na wengine watatu. Nililinganisha na orodha yangu. Wote sita walikuwa wa maji ya chumvi.

"Basi inafanya kazi!"

"Haijathibitika. Jicho la mzee mmoja si kipimo. Nitaandika neno moja: irudiwe."

"Ndugu gani wewe! Afadhali jiwe."

Jiwe lisingekesha likiandika kurasa kumi na moja kutetea neno moja. Kamati ilikubali.

Safari hii panya wote kumi na wawili walizoezwa sawa kwanza, na Babu hakuruhusiwa kuingia chumba cha gogo. Nilimwekea kiti nje, karibu na dirisha la kioo lililoonyesha gogo kwa mbali, kwa sababu za kiutaratibu.

"Yule Mlegevu kaanguka?"

"Siruhusiwi kusema."

"Lakini hajaumia?"

Nilizipitia kanuni kichwani. Hilo hazikulitaja.

"Hajaumia, Babu."