Kurudisha Kadi
Mgongo ulikuwa umelowa mvuke wa pasi kubwa ya hoteli, mama mfua mashuka alipovua aproni akamwomba msimamizi ruhusa ya asubuhi moja. Msimamizi akaguna, akasema itakatwa kwenye mshahara. Ikatwe tu! Leo alikuwa anahojiwa kuhusu kibali cha kuishi, na akikosa, yeye na binti yake wangerudishwa walikotoka.

Pale chumba cha kufulia wenzake, wote wageni kama yeye, walikuwa na kitu walichokiita kujisafisha. Kabla ya kuhojiwa, unarudisha kila cha bure ulichopewa na serikali, maziwa ya unga, ruzuku ya kodi, usije ukaonekana kupe. Nani alianzisha habari hiyo, hakuna aliyejua. Nani angethubutu kuipuuza? Basi siku chache nyuma alikuwa ameenda zahanati akarudisha kadi ya dawa za bure ya bintiye, mtoto mwenye pumu, pamoja na kile kichupa cha dawa ya kuvuta kilichokuwa bado nusu. Muuguzi alimshangaa. Tangu hapo kifua cha mtoto kinapiga filimbi kila akipanda ngazi.

Mbele ya afisa wa uhamiaji alijisifu. Akasema hajala cha mtu, hata dawa ya mwanawe ameirudisha kwa mkono wake mwenyewe.

Afisa, kijana mpole, akaacha kuandika. "Nani alikwambia urudishe, mama? Dawa ya mtoto hatuihesabu. Haijawahi kuhesabiwa."

 Alijiona mjinga, mjinga wa kutupwa, aliyemnyang'anya mwanawe pumzi kwa maneno ya chumba cha kufulia. Majibu ya kibali, afisa akamwambia, ni mwakani.

Akampitia binti shuleni, wakaenda moja kwa moja zahanati. Muuguzi alikuwa yuleyule. Akaeleza, bila ubaya, kwamba wenye kadi za zamani wanaendelea nazo, ila mpya hazitolewi siku hizi mpaka mzazi awe na kibali. Mama akabisha kwamba hii si mpya, ni ileile. Muuguzi akasema kwenye kompyuta imeshafutwa, naye hana la kufanya.

Nje, binti aliwaona wenzake wakifukuzana, akachomoa mkono. Mama akamdaka.

"Usikimbie, mama," akamwambia mwanawe. "Usikimbie, wala usicheke sana. Tembea polepole hivihivi mpaka watujibu."