Jina Lile Lile

…na sasa wanataka niandike jina lake lote, herufi kwa herufi, ndipo kitufe cha kuhamisha kikubali kubonyezwa, kana kwamba naweza kukosea jina nililolitunga mwenyewe, herufi-zinasema, miaka tisa mafaili yake yamekaa kwenye akaunti yangu mtandaoni, kiongezi kidogo tu cha kubandika kwenye ile programu huria ya kusomea, ya bure, inayotumiwa na shule nyingi, mtoto akigusa herufi inatamkwa, sauti ni yangu, kwenye k jogoo wa jirani amedakia na sikumfuta kwa sababu watoto humsubiri… nimefika herufi-zina, nimekwama. "Bado tu?" dada yangu ananiita kutoka jikoni, "hiyo mashine utaitoboa kwa macho!" Nakuja, dada… siji. Mratibu wa mradi wa hiyo programu alipiga simu saa tatu, binti mpole, "Mwalimu, si kwamba tunakunyang'anya, kazi ni yako na jina lako linabaki, ila kikae kwenye akaunti ya mradi, tuwe watu wanne wenye funguo za kukirekebisha," nami nikamwambia sawa mwanangu, sawa, maana najua kilichomsukuma, zile wiki tatu nilizolazwa, toleo jipya la programu likatoka, kiongezi changu kikawa bubu, na mwenye funguo ni mimi peke yangu, nimelala na dripu mkononi, walimu wanaandika kwenye ukurasa wangu, hodi, hodi, hakuna wa kuitikia, mmoja akaandika, watoto wangu wanagusa kioo, wanagusa, halafu wananitazama… hilo ndilo lililonichoma. Basi wapewe. Ila nilikuwa na ujanja wangu, tuseme ukweli, nikishakihamisha nifungue kingine palepale, jina lile lile, nakala ya kwangu, nani ataumia? "Jambo moja tu, Mwalimu," alisema kabla ya kukata simu, kama amenisoma moyoni, "anwani ya zamani itawapeleka watu kwenye mpya yenyewe, shule zote, bila wao kubadili chochote, ila pale pa zamani paachwe patupu, ukifungua kingine kwa jina lile lile watakwamia kwako, kwenye nakala iliyochakaa." Patupu… "Chai imekuwa maji ya bomba huku!" Nimesikia, dada… ule mwaka nilipohamishiwa darasa la tatu, kila mapumziko ya walimu nilikuwa dirishani kwa wale watoto wangu wa la kwanza, natabasamu tu, sifanyi kitu, mpaka mwalimu wao mpya akatoka nje, akanishika mkono, akasema taratibu, "Dada, ukisimama hapa hawanioni," nikaangalia, kweli, vichwa arobaini vimenigeukia mimi, ubao uko nyuma yao… nilidhani ni mapenzi, na yalikuwa mapenzi, ila yaliwaziba. Wabadilishe sauti wakitaka, wamfute hata jogoo, maskini, alimradi mtoto akigusa asikie. Kile kimstari kinapepesa tu, sijaongeza hata herufi moja, dada anagonga kijiko kwenye kikombe, na nakala yangu… nitaiweka, sitajidanganya, lakini nitaipa jina jingine, la kitoto, la humu ndani, ambalo hakuna shule itakayolitafuta.