Moja ya Meza ya Mbele

"Moja ya meza ya mbele," Dishon alimwambia Kutbuddin, mwenye mkahawa wa Kibokoni, akaweka sarafu aliyomwomba jirani. "Chai ya maziwa. Sukari itoshe."

Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana asubuhi, na chai hiyo haikuwa yake. Meza ya mbele alikaa Masha, serahangi aliyechagua vibarua wa kuingia gatini kupakua meli. Masha hakuomba rushwa hata siku moja. Alikaa tu, na kila aliyetaka kazi alimwagizia kinywaji, kisha akatoka nje kungoja. Mkono mtupu haulambwi. Asubuhi hiyo vikombe vilikuwa tisa, na nafasi zilikuwa nne.

Dishon alisimama kibarazani na wenzake, miguu imemchoka kwa kutembea kutoka Majengo. Hii ilikuwa siku ya tano bila kazi. Mkewe Zilpah, mwenye mimba ya miezi minane, jana alikunywa maji ya moto yenye chumvi akalala.

Masha alivitazama vikombe, akakunja uso.

"Leo tumbo laniuma. Maziwa siyataki." Akavivuta vijikombe vinne vya kahawa ya tangawizi. "Hizi za nani?"

Waliozinunua walijitokeza, wakapewa vibao vya namba, wakamfuata gatini bila kutazama nyuma.

Dishon akaingia ndani. Chai yake ilikuwa palepale, imefanya utando juu. Hasira hakuwa nayo; hasira nayo hutaka chakula.

"Bwana, basi nipe mimi. Nimeilipia."

"Umemlipia Masha," Kutbuddin alisema, bila ubaya. "Akisikia nimempa mtu kikombe chake, kesho atakaa kwengine, na nyote mtamfuata. Nitamuuzia nani?"

"Nimpelekee mke wangu, bwana. Ni mjamzito."

Kutbuddin aliinamisha macho. "Kesho mwagizie kahawa."

Akauondoa utando kwa kijiko, akaimimina chai ndani ya birika lililokuwa jikoni. Na zile chai nne nyingine zilizobaki mezani akazimimina humohumo.

Jua lilipopanda, serahangi wa zamu ya mchana alikuja akakaa meza ileile. Mwanamume mmoja mwenye shati la viraka akaingia, akaweka sarafu yake.

"Moja ya meza ya mbele. Ya maziwa."

Kutbuddin akalinyanyua birika. Dishon, bado amesimama kibarazani, aliitazama chai ikimiminwa mpaka kikombe kikajaa.