Marciana wa Sauti ya Nne

Jumamosi saa kumi jioni kwaya ilikuwa mazoezini, kanisani Mabwerebwere, na Mwalimu Optatus alikuwa akiwapima waombaji wapya mmoja mmoja. Alibonyeza kinanda, na kila mwanamke akaipata noti au akaikosa hapohapo. Waliopata walikwenda sauti ya kwanza, waliokaribia wakaenda ya pili. Sauti ya tatu na ya nne ni za wanaume. Wao huvaa suti, wanawake huvaa gauni la kitenge, na hakuna fundi aliyewahi kushona gauni la sauti ya nne.

Marciana alikuwa na miaka thelathini na minne, binti wa wafugaji waliohamia Kilosa kutoka Usukumani. Alijaribu kuipanda ile noti. Sauti ilikwaruza, ikakatika. Mwalimu akamwambia basi aimbe awezavyo. Akashuka. Alishuka mpaka mahali ambapo watu hawakusikia kitu, ila vioo vya madirisha vilitetemeka taratibu na Devotha wa sauti ya kwanza akalalamika kwamba meno yanamwasha.

"Dada Marciana," alisema mwalimu kwa upole, "simama mstari wa nyuma. Fungua mdomo, lakini usitoe kitu."

Alikubali. Alitaka jambo moja tu, kujua kama anajua kuimba, na mwenye kinanda alikuwa amekwisha kumjibu. Hata hivyo jibu halikumkaa. Nyumbani alijirekodi kwenye simu, akasikiliza mara tatu. Alimsikia jogoo wa jirani na mtu aliyepita na baiskeli. Yeye mwenyewe hakuwamo. Akamwuliza mama yake, Kulwa, naye akasema bibi yao aliita ng'ombe kwa sauti hiyohiyo na hawakupotea hata siku moja. Lakini kwaya si zizi, na sifa za mama mzazi hazihesabiki.

Jumanne tembo saba wakafika kutoka Mikumi. Walikuwa wametembea siku tatu kwa kufuata barabara, wakasimama nje ya kanisa, masikio wazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: bodaboda walipata abiria wa kuja kutazama, na mama wa maandazi alisogeza karai lake hatua mbili akaendelea kukaanga. Mtendaji wa kata alikuja na daftari, akaandika saba, akaondoka.

Kwenye mazoezi ya jioni hiyo Marciana alijisahau, akaimba chini. Tembo walisogea mpaka ukutani, wakatulia. Devotha alipopanda juu, wakakunja masikio. Kila mtu aliliona hilo. Mazoezi yalipokwisha Marciana alimfuata mwalimu, akamwuliza kama lina maana yoyote.

"Tembo si walimu wa muziki," alisema mwalimu.

Ni kweli, hawakuwa walimu. Mwalimu Optatus alisomea kinanda miezi mitatu Morogoro mjini, na tembo hawakusoma popote. Marciana aliona aibu kwa kuuliza, kisha aibu yenyewe ikachoka, na baada ya hapo hakusikia uchungu wala raha. Tembo walirudi zao Alhamisi.

Mwezi uliofuata kwaya ilikodi kosta ikaenda Mikumi kurekodi video, na mwalimu akakumbuka kwamba video yenye tembo hutazamwa zaidi. Akamwomba Marciana aje. Gauni lake halikuwepo, kwa hiyo alikaa ndani ya kosta, kiti cha nyuma, dirisha limefunguliwa kiasi cha kiganja. Aliimba wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, katika sauti ya nne. Tembo arobaini walitoka kwenye nyasi wakajipanga nyuma ya kwaya, wakubwa nyuma na wadogo mbele, bila kuelekezwa. Mpiga picha alisema hajawahi kufanya kazi na watu wenye nidhamu namna hiyo.

Video ikaenea Kilosa nzima. Watu walimsifu Devotha, wakasifu vitenge, wakawasifu tembo. Asiyekuwepo na lake halipo. Mwishoni yalipita majina, na Marciana alitajwa kwenye orodha ya vifaa, baada ya jenereta. Kulwa, mama yake, aliitazama mara moja, akarudisha simu, akasema amemsikia mwanawe tangu mwanzo. Marciana akamweleza kwamba simu haiwezi kuitoa sauti ile. Mama yake akajibu kwamba yeye hajui habari za simu.

Siku ya gulio Marciana alikwenda kata ya Ulaya kwa baiskeli kununua dagaa. Muuzaji, mama wa makamo, alikuwa na ile video kwenye simu yake, na aliposikia mteja anatoka Mabwerebwere akafurahi.

"Na wewe unaimba na hao wenye tembo?"

"Hapana," alisema Marciana. "Mimi sina sauti."

Alilisema bila huzuni, kama mtu anayetaja kijiji alikozaliwa. Hakuna aliyemlazimisha kulisema. Safari hii alikuwa amejipima mwenyewe. Muuzaji alimpa pole, akamwongezea konzi moja ya dagaa.

Kule Mikumi tembo waliacha kula. Walingoja kidogo kusikia kama kuna neno jingine, kisha wakashika njia ya kuja gulioni.